Foronya ya Jioni

Tangu adhuhuri Mama alikuwa hatulii. Aliingia ndani, akatoka. Akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Akafunua sufuria ya maharage yaliyochemshwa tangu jana, ambayo hata haijabandikwa, akaichungulia kama mtu aliyepoteza pete humo, akaifunika tena. Kila alipopita mlangoni kwa bintiye alitupa jicho, na kila jicho lilikuwa na jambo lake.

"Hujaenda tu kumuaga shangazi yako?"

"Nimemuaga jana, Mama."

"Jana ulimuaga kwa kupita. Mtu anayevuka bahari haagi kwa kupita. Nenda ukakae naye, mpaka giza liingie."

"Nitaenda Jumapili, nitashinda naye kutwa."

"Basi kaninunulie chumvi."

"Chumvi ipo, Mama. Kopo limejaa mpaka juu."

Mama akalitazama jua, akatazama jiko la mkaa lililokaa baridi pembeni mwa ukuta, akarudi kufagia. Binti alicheka peke yake, akaendelea kupanga nguo kwenye sanduku aliloazimwa na Shangazi. Alidhani ni uchungu wa kuagana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alijisemea, na kwa hilo hakukosea sana.

Mtaani walimwita binti huyu Dokta Hewa. Udaktari wenyewe hakuwa nao, si wa sindano wala wa vitabu, ila alikuwa amesomea mambo ya anga: upepo, mawingu, na hasa chembechembe za moshi na vumbi ambazo mtu huvuta bila kuziona. Alikuwa akifanya kazi zamu ya mchana katika kituo cha hali ya hewa, akirudi nyumbani watu wakiwa wameshakula. Mkataba ulipoisha hakuusaini mwingine. Alikuwa amepata ufadhili wa mafunzo ya mwaka mzima ng'ambo, yeye na vijana wengine wa sayansi ya anga kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja na mwalimu wake wa kumshika mkono. Nafasi yake kituoni walikwisha kumpa mtu. Kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa jioni yake ya kwanza ya siku ya kazi kuwapo nyumbani tangu aajiriwe.

Kilichompa ufadhili kilikuwa kinaning'inia uani, kwenye ukuta, chini ya ukingo wa bati: kisanduku cheupe, kidogo tu, chenye tundu la kuvutia hewa. Kilipima moshi na kupeleka namba kwa mtandao wa simu. Vingine vya namna ile alivitundika sehemu mbalimbali za mji, lakini hiki cha nyumbani kilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Asubuhi moshi ulipanda, kama kila mahali. Jioni, wakati majiko yote ya mtaa yanawaka, mstari wa namba hizo kwenye simu uliporomoka na kutengeneza bonde. Binti alikaa na lile bonde hadi akalipatia maelezo: upepo unaoteremka jioni kutoka kwenye miinuko huusafisha mtaa wao wa chini. Mhadhiri wake wa chuoni alishangilia. Wale wa ng'ambo waliandika kwamba ni ugunduzi wa kuvutia. Ni profesa mmoja tu, yule atakayekuwa mwalimu wake, aliyeuliza kwa nini bonde halionekani Jumapili. Binti alimjibu kwamba Jumapili watu wengi wako majumbani, wanapika zaidi, upepo unazidiwa. Jibu lilikuwa zuri, na Profesa aliandika asante bila kusema kwamba ameridhika.

Jioni ile gereji ya barabarani ilikaribia kufungwa. Mafundi wake, kila mtu na bakuli lake, wangeanza kumiminika uani kufuata maharage ya Mama, na fundi mwenye njaa hajui kusubiri. Mama hakuwa na la kufanya. Aliwasha jiko. Ng'ambo ya ukuta, mshonaji jirani naye alianza kuchoma vipande vya vitambaa, moshi mweusi ukapanda.

"We mshonaji! Si nilikuomba ungoje kidogo?"

"Ningoje nini, jirani? Mbona kila siku unaniambia ningoje ufunike, na leo hujafunika?"

"Nyamaza basi, mwenyewe yupo!"

Binti alisikia. Alisogea kwenye dirisha la uani akachungulia.

Mama alikuwa amepanda kigoda. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, begani foronya. Alikivisha kile kisanduku mfuko kwa uangalifu mkubwa, akaukaza kwa mpira, kisha juu yake akakivisha foronya, safi, iliyopigwa pasi, yenye maua madogo ya buluu. Akairekebisha pembe. Akakipapasa kidogo, kama anavyopapaswa mtoto aliyelala.

"Mama, unafanya nini?"

Mama nusura aanguke na kigoda. "Naitunza mashine yako."

"Unaitunza na nini?"

"Na moshi, mwanangu. Si ulisema isichafuke?"

Binti alitoa simu. Mstari ulikuwa umeanza kuteremka, taratibu, vilevile kama alivyouchora kwenye maandiko yake na kuuwekea mishale ya upepo. Akauliza bila kuondoa macho kwenye mstari:

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu siku uliponiachia niiangalie. Sijaruka hata siku moja, hata nilipokuwa na homa." Mama alishuka kwenye kigoda, na usoni mwake palikuwa na fahari. "Nikiwasha jiko, naifunika. Wa mwisho akishachota, naifunua. Foronya yenyewe naifua kila mara."

"Na Jumapili?"

"Jumapili gereji imefungwa, sipikii watu. Halafu Jumapili wewe upo. Wewe huachi kuuliza maswali."

Fundi wa kwanza aliingia na bakuli lake, akaamkia. Hakuna aliyemwitikia.

Baba alirudi na macho mekundu kama kawaida yake. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na alikuwa mtu wa kula kwanza. Siku hiyo alipewa habari kabla ya sahani. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mkewe, akamtazama bintiye, akauliza:

"Sasa nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Baba."

"Basi kwa nini nyumba imekaa kimatanga? Mama yako amefunika kisanduku. Kifunueni. Yameisha."

"Hayajaisha. Wamenichukua kwa sababu ya lile bonde, na bonde halipo. Ni foronya."

"Wao wanajua ni foronya?"

"Hawajui."

"Basi ni bonde." Baba alivuta sahani. "Nikisema hivi mnaniona sijasoma. Mimi nikichomelea geti, mahali likapinda kidogo, napaka rangi. Mteja anaona rangi. Anafurahi, nami nafurahi."

"Na likimwangukia mtoto wake?"

"Halijawahi kumwangukia mtu."

"Lakini likimwangukia?"

Baba alitafuna polepole. Hakupenda kuulizwa jambo mara mbili, hasa na mtu aliyemsomesha. "Ulipokosa kazi miaka ile, nani alikuwa anasikia maneno ya watu hapa? Binti wa fundi kasomea upepo, ataula upepo! Wewe ulikuwa chumbani. Maneno nilikuwa nayasikia mimi, gerejini, sokoni, kila mahali. Leo wanasimama kunisalimia. Nenda kasome. Huko mbele utayarekebisha ukiwa umeshiba."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kilekile, anakohoa kikohozi chake cha kila jioni, kile ambacho nyumba nzima ilikwisha kukizoea kama inavyozoewa saa ya ukutani. Baadaye aliuliza, kama anauliza sufuria:

"Kwa hiyo nimekuharibia?"

"Hapana, Mama."

"Mbona unalia?"

Binti alikuwa na hasira, na aliona aibu kwa hasira yake, maana kila alipotafuta pa kuitua, ilimrudia mwenyewe. Siku ile alipotundika kisanduku alikuwa na haraka, zamu inamngoja. Alisema maneno mawili tu: watu wa mbali wataiona hewa ya kwetu kila dakika, uitunze isichafuke. Maelezo marefu, yenye michoro, aliwaandikia wageni asiowajua. Kumwambia mama yake kisanduku kinatafuta nini, hilo hakulifanya.

Asubuhi alikwenda chuoni. Alikalishwa kwenye benchi la ukumbini, wakapita wanafunzi waliompongeza kwa safari, mmoja akamwomba asimsahau akifika. Alipoingia, Mhadhiri alikuwa akimenya karanga juu ya gazeti. Alimsikiliza bila kuacha kumenya, mpaka neno foronya lilipotajwa, hapo karanga ikabaki vidoleni.

"Umemwambia nani?"

"Wazazi wangu tu."

"Basi hujamwambia mtu." Alifunga mlango. "Kaa. Mbona umesimama kama mdai?"

Binti alikaa, akasimama tena.

"Jina langu limo kwenye yale maandiko," Mhadhiri alisema. "Lakini hata hilo liache. Kuna wenzako wawili wanaomba awamu ijayo. Wale watu hawajawahi kuchukua mtu kutoka kwetu, wewe ndiye wa kwanza. Ukiwaambia ugunduzi wenyewe ulikuwa mama amefunika mashine kwa foronya, watacheka, halafu hawatafungua tena barua yetu. Umewafikiria hao wenzako?"

"Nimewafikiria usiku kucha."

"Basi nenda. Ukifika, fanya vipimo vipya, andika kwamba matokeo yamebadilika. Sayansi hujisahihisha yenyewe, wewe hujui?"

"Hujisahihisha kwa mkono wa nani, Mwalimu?"

Mhadhiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezeeka akiomba vifaa kwa barua, na kati ya barua zote zile hii moja ndiyo iliyojibiwa vizuri. Akasukuma gazeti la karanga upande wa Binti, kama vile ni suluhu.

"Chukua karanga," akasema. "Na uniahidi utatulia."

Alichukua karanga. Ahadi hakuitoa. Njiani alizunguka sokoni bila kununua kitu, akarudi, akazunguka tena, hadi muuza viatu mmoja akamuuliza kama amepotea.

Siku ya mazungumzo ilifika. Wale vijana wote waliochaguliwa walitakiwa waonane kwa video kabla ya safari, kila mmoja aeleze kazi yake mbele ya walimu. Mama, aliyekuwa amesikia kwamba wageni wataiona sebule, aliamka akatandaza shuka jeupe ukutani nyuma ya kiti, kuficha mahali palipobanduka rangi. Alilinyoosha hadi mikunjo ikaisha. Binti alilitazama lile shuka, moyo ukamuuma, lakini alimwacha mama yake amalize. Baba siku hiyo hakwenda kazini. Alisema ana geti la kusubiri rangi ikauke.

Nyuso zilijaa kwenye kompyuta, vijana wa rangi na lafudhi zote, wamevaa vizuri. Mmoja alieleza ngurumo za radi, mwingine vumbi la jangwani. Mhadhiri naye alikuwemo, katika kidirisha cha pembeni, amevaa tai. Profesa alikuwa mwanamke mwenye mvi zilizokatwa fupi, anayesikiliza huku ameegemeza shavu kwenye ngumi. Ilipofika zamu ya Binti alimwita kwa furaha, akasema wote wana hamu ya kusikia kuhusu bonde la jioni.

Binti alifungua mchoro wake. Aliutazama. Mishale ya upepo ilikuwa mizuri, aliichora kwa rangi ya buluu.

"Bonde halipo," alisema kwa ile lugha ya kigeni. "Kosa ni langu. Kifaa kilikuwa kinafunikwa kila jioni, nami sikukagua."

Kidirisha cha Mhadhiri kikazimika. Pengine ni umeme. Kijana mmoja, yule wa radi, akainamisha kichwa kana kwamba aibu ni yake.

"Kilifunikwa na nani?" Profesa aliuliza.

"Na mama yangu."

"Kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Hilo Binti hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kwa karipio, kwa kuondolewa, hata kwa kicheko. "Sijui hasa," alikiri.

"Nani anajua?"

"Yeye."

"Yupo hapo?"

Mama alikuwa uani, anachambua maharage, masikio yote yako sebuleni. Lugha haikumwelea, lakini jambo alilielewa. Binti alipotoka na kumwambia, alikataa kwa mikono miwili.

"Mimi? Nikasimame mbele ya wazungu na nguo hii? Waambie mama hayupo. Waambie amekwenda msibani."

"Mama, wanauliza tu saa."

"Wanauliza saa, halafu watauliza moshi, halafu watauliza choo kiko wapi. Nawajua wageni mimi. Mwanangu, nihifadhi."

Baba aliyekuwa amesimama mlangoni alisema, "Mwache mama yako. Si umeshasema? Ulitaka kusema, umesema."

Binti alirudi ndani peke yake. Alikaa, akafungua mdomo awaambie kwamba mama hayupo, na kabla neno halijatoka akasikia ndara nyuma yake. Mama alikuwa amenawa mikono, bado inachuruzika maji. Nguo hakuibadilisha. Alisimama mbele ya shuka lake jeupe, akaitazama kompyuta kama anavyotazamwa hakimu, akaamkia. Zile nyuso zote zikamwitikia, kila moja kwa lugha yake.

Profesa aliuliza, Binti akafasiri. Mama alijibu. Huwa anaifunika gereji ikikaribia kufungwa, kabla mkaa haujashika. Huifunua akishauza bakuli la mwisho. Msimu wa mvua huchelewa, kwa kuwa mkaa unakuwa na unyevu, na huo ndio wenye moshi mbaya zaidi. Mshonaji akichoma vitambaa mapema, anaifunika mapema. Jumapili haifuniki. Profesa alikuwa anaandika, anaandika, haangalii juu. Mama akaona hawamcheki, sauti yake ikapata nguvu.

"Muulize, kwa nini alifunika?" Profesa alisema mwishowe. Alisema kwa upole, lakini alitaka kujua.

Binti alifasiri. Mama akapangusa mikono iliyokwisha kukauka.

"Kwani nyie," alisema, na hapo hakumtazama bintiye, aliwatazama wao, "mngemchukua mtoto wa nyumba yenye moshi?"

Binti hakuweza kulifasiri. Wakamsubiri. Alijaribu, akakwama, akajaribu tena hadi akamaliza. Profesa alivua miwani. Alisema maneno machache, na Binti akayageuza kwa Mama hivi: "Anasema walikuwa wanautafuta huohuo moshi."

"Huohuo?" Mama aliuliza.

"Huohuo, Mama."

"Mtihani huu," Mama alisema, akatoka. Uani alisikika akikohoa, kisha maharage yakaanza tena kudondoka kwenye ungo, moja moja.

Jibu lilikuja kabla ya wiki kuisha. Kamati ilimshukuru kwa ukweli wake. Kamati ilisikitika. Nafasi ya mwaka huu ilikuwa imetolewa kwa kazi ambayo sasa haipo, hivyo angepewa mwingine aliyekuwa akisubiri. Apime upya mwaka mzima, aombe tena, na hakuna anayeweza kumwahidi. Chini yake Profesa alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe: kwamba vipimo vya mchana bado vinafaa, kwamba atamsaidia kuusoma mstari wa jioni kila mwezi akitaka, na amsalimie mama. Mhadhiri hakupokea simu. Baada ya siku kadhaa alituma ujumbe mmoja tu: wenzako wameulizwa maswali mengi kuhusu vifaa vyao.

Sanduku lilirudi kwa Shangazi. Binti alilibeba mwenyewe mchana kweupe, tupu, likigonga gonga goti lake, na mtaa mzima ukapata la kuuliza.

"Dokta Hewa, ndiyo safari hiyo?"

"Safari imeahirishwa."

"Pole! Mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

Fundi mmoja wa gereji akasema kwa sauti ya kunong'ona ambayo ilifika mpaka ng'ambo ya barabara kwamba mtu akijisifu mno husalitiwa na miguu yake. Binti hakukumbuka kujisifu. Shangazi alilipokea sanduku, akalifungua, akalikung'uta kama lina kitu, akalifunga. "Mama yako ana mambo," alisema. "Foronya! Tangu aolewe kwetu alikuwa akificha. Mficha uchi hazai, walisema, naye akazaa."

"Mama hakuwa anaficha, Shangazi. Alikuwa ananitunza."

"Ndiyo hayohayo," Shangazi alisema, akaenda kumletea maji ya kunywa.

Baba hakumsema. Hilo lilikuwa zito kuliko kusemwa. Siku moja tu, akiwa anafunga viatu, aliuliza kama kule kituoni hawahitaji mtu wa kufungua geti. Binti hakujua kama ni utani. Baba mwenyewe labda hakujua. Jioni alirudi na waya wa chuma aliouchomelea ukawa kishikizo kizuri, akakiondoa kile kisanduku kwenye msumari uliolegea na kukifunga imara zaidi, bila kumweleza mtu kitu. Hakukipaka rangi kile kishikizo.

Jioni hiyohiyo gereji ilipofungwa, Binti alikiwasha kisanduku, alichokizima tangu siku ile ya kigoda. Mama alipanga mkaa. Kabla ya kuuwasha alikwenda chumbani, na Binti, aliyekuwa amekaa kizingitini na simu mkononi, akamwona anarudi na foronya. Alisimama chini ya kisanduku. Mkono ulikwenda juu wenyewe, ukasimama njiani.

"Kumbe leo sifuniki," alisema.

"Acha, Mama."

"Mazoea haya." Akaitupa foronya begani, akawasha moto.

Mkaa ulikuwa umeloa. Moshi ulitoka mzito, ukapanda ukutani, ukaingia chini ya bati, ukalifikia lile tundu dogo. Ng'ambo ya ukuta mshonaji aliuliza kwa sauti kama aendelee au angoje. "Endelea tu!" Mama alimjibu. "Leo waone wote!" Na moshi mweusi wa vitambaa ukajiunga na mweupe wa mkaa.

Mstari kwenye simu ulipanda. Binti alijua utapanda, ameyasoma hayo kwa miaka, lakini hakuwa amejiandaa na kasi yake. Ulipita pale asubuhi inapofika. Ulipita kisanduku alichokitundika barabara kuu, ukapita kile cha kiwanda cha saruji. Ulipanda ukatoka nje ya kioo, ikabidi mchoro ujipunguze ili uonekane. Na mbele yake, ndani ya namba ile, Mama alikuwa ameinama anapuliza moto.

"Inasemaje?" Mama aliuliza bila kugeuka.

"Inapanda."

"Inapanda sana au kidogo?"

Binti aliilaza simu kifudifudi pajani.

"Nimekuuliza, mwanangu. Wale umewaambia, mimi hutaki kuniambia?"

"Sana, Mama. Hapa ulipokaa ni pabaya kuliko mahali popote nilipowahi kupima."

Mama akakoroga maharage. Akakohoa, kikohozi kilekile, na safari hii Binti alikisikia chote, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayekisikia mara ya kwanza. Jioni zote zile alizokuwa zamuni akipima hewa ya watu, hapa kisanduku kilivikwa foronya, na mama akabaki na uso wazi.

Alisimama. Aliichukua foronya begani kwa mama yake, akaikunja mshazari, akamfunga puani na mdomoni, fundo nyuma ya kichwa, kwa uangalifu mkubwa. Akairekebisha pembe. Maua madogo ya buluu yakakaa shavuni.

Mama alimwacha afunge mpaka amalize. Macho tu ndiyo yaliyobaki wazi, mekundu, yanachuruzika.

"Hii inazuia?" aliuliza nyuma ya kitambaa.

"Haizuii. Chembe zenyewe ni ndogo mno, zinapita."

"Sasa umenifunga ya nini?"

Binti alifungua mdomo atoe maelezo, naye ndiye mwenye maelezo ya kila kitu. Hakupata hata moja. Fundi wa kwanza aliingia na bakuli lake, akaamkia. Mama akamwitikia kutoka ndani ya foronya, akachota maharage, wala hakuifungua.